Nina laki tano na chumba cha bati: ninunue maiki gani ya kurekodi kuimba?

Swali: Shikamoo fundi. Naimba kwaya hapa Tanga, sauti ya pili, na sasa nataka kurekodi nyimbo zangu mwenyewe nyumbani. Laptopu ninayo, na nimekusanya laki tano. Chumba changu ni cha bati bila dari, na barabara iko karibu. Dukani wamenionyesha kondensa ya BM-800, seti kamili, na standi na kadi yake ya sauti, na chenji inabaki. Rafiki yangu anasema kondensa ndiyo maiki ya studio, dainamiki ni ya jukwaani na ya mahubiri. Nichukue ipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kuzikusanya hizo laki tano bila kuzigusa. Nitakujibu kwanza, maelezo yafuate. Ile seti iache. Kwa chumba ulichonieleza, chukua dainamiki, na ukiweza upate ile yenye matundu mawili, la USB na la XLR, lile la pini tatu la maiki za kanisani. Pesa itakayobaki itumie kwenye vitu ambavyo muuza duka hatakutajia. Kilichonifanya niandike kwa urefu hivi ni maneno yako mawili, bati na barabara.

Rafiki yako hakukudanganya, ila amekwambia nusu. Ni kweli studio kubwa huwarekodi waimbaji kwa kondensa. Neumann U 87, iliyotoka 1967, mpaka leo inatamaniwa na mafundi dunia nzima. Lakini studio zile zina kuta nene, mlango mzito na dari lililovalishwa. Maiki inakuta chumba kimeshaandaliwa. Dainamiki nazo hazikuzaliwa jukwaani. Shure SM58, ile unayoiona kila kanisa na kila harusi, ilitoka 1966, na hizo herufi SM kirefu chake ni maiki ya studio. Ndugu yake, SM7, ndiyo fundi Bruce Swedien aliyoitumia kurekodi sauti ya Michael Jackson kwenye albamu ya Thriller ya 1982. Mtu aliyekuwa na uwezo wa kushika maiki yoyote aitakayo alishika dainamiki.

Tofauti ya hizi mbili iko tumboni. Kwenye dainamiki kuna utando mwembamba uliobandikwa koili ndogo ya waya, na koili hiyo imekaa ndani ya sumaku. Sauti ikiupiga utando, koili inacheza na umeme kidogo unazaliwa. Haihitaji umeme wa kuiwasha. Kwenye kondensa utando ni mwepesi zaidi na umetandazwa karibu sana na bamba la chuma, na kinachogeuzwa kuwa umeme ni ile nafasi kati yao inavyobana na kuachia. Utando huo hauna koili ya kubeba, kwa hiyo unafuata hata vitu vidogo: pumzi, ulimi unapogusa meno, bangili mkononi. Ndiyo sababu sauti yake inang'aa. Ila ndani yake mna saketi inayodai umeme wake, kwa kawaida volti 48 zinazopita kwenye waya uleule wa maiki. Huo ndio mafundi tunauita umeme wa fantomu.

Hata nguvu ya sauti inayotoka hailingani. Kwa sauti ileile, Audio-Technica AT2020, kondensa ya bei ya wastani, hutoa milivolti 14.1 pale SM58 inapotoa 1.85. Ni zaidi ya mara saba. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa, na mimi nilijikwaa hapo miaka mingi: tunadhani kwa kuwa kondensa inatoa sauti kubwa, basi ndiyo inayovuta kelele za jirani, na kwamba dainamiki inazikataa. Maiki haijui ipi ni kelele na upi ni wimbo. Ziweke zote mbili sentimita tano kutoka mdomoni, zisawazishe sauti, kisha sikiliza pikipiki inayopita nje: utaikuta kwenye zote, kwa kiasi kinachokaribiana. Linaloamua ni umbali kati ya mdomo wako na maiki.

Shika hesabu hii, itakusaidia kuliko jina la kampuni yoyote. Kila unapoupunguza umbali huo kwa nusu, sauti yako inapanda kwa desibeli 6, desibeli ikiwa ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukitoka sentimita 40 kwenda 20, umepata 6. Ukitoka 20 kwenda 10, umeongeza 6. Ukitoka 10 kwenda 5, 6 nyingine. Jumla 18. Barabara haijasogea, bati liko palepale, jokofu la jirani liko palepale. Wewe peke yako ndiye uliyepanda desibeli 18 juu yao, na hujatoa hata shilingi.

Sasa ndipo dainamiki inapopata heshima yake chumbani kwako: inavumilia kuimbiwa kwa karibu. Lile tufe la wavu la SM58 lina sponji ndani, na utando wake mzito hauchomi masikio kwenye kila s. Kondensa ukiiimbia kwa sentimita 5, pumzi zinajaa, besi inafura, s zinachoma kama sindano. Utalazimika kurudi nyuma hadi sentimita 20 au 30, na ukisharudi nyuma umekikaribisha chumba kizima kwenye wimbo wako.

Nililipia somo hili. Nilipoanza kazi nilijinyima nikanunua kondensa nzuri kweli kweli, nikaisimamisha katikati ya chumba cha saruji chenye sakafu ya vigae. Dada mmoja wa kwaya akaja usiku, akaimba kwa utulivu ambao mpaka leo naukumbuka. Sote wawili tukaona kimya kabisa. Asubuhi nilipoanza kuibana sauti kwa kompresa, kifaa cha kuzisogeza pamoja sauti kubwa na ndogo, vitu vidogo vikapanda juu: kila alipovuta pumzi nikasikia jokofu la nyumba ya pili, na kila mwisho wa mstari una mkia wa mwangwi, kama aliyeimbia bafuni. Jokofu lilipungua kidogo nilipolichuja. Mwangwi haukutoka. Mwangwi ukishaingia kwenye sauti ni chumvi iliyokwisha yeyuka kwenye mchuzi. Nilimwomba arudi, akarudia nyimbo zote tatu, lakini ile sauti ya usiku wa kwanza hatukuipata tena. Maiki haikuwa na kosa lolote. Ilisikia kila kilichokuwepo.

Kwa hiyo tuanzie chumbani kabla ya dukani. Bati bila dari lina mambo yake. Mvua ikinyesha hakuna maiki ya kukuokoa, funga laptopu usubiri. Jua likizama bati linaanza kupoa na kujikunja, na linagonga, tak, tak, hasa baada ya siku ya jua kali. Subiri mpaka saa nne au saa tano usiku limeshatulia, na barabara nayo imepungua watu. Kabla ya kitu chochote, rekodi kwa simu dakika moja ya ukimya mchana, dakika moja jioni, na dakika moja usiku wa manane, kisha sikiliza zote tatu kwa hedfoni sauti ikiwa juu. Utashangaa nyumba yako inavyosema. Pangaboi, saa ya ukutani, chaja inayolia kwa sauti nyembamba, taa inayovuma: vyote hivyo utavikuta, na vingi vinazimika kwa kidole.

Halafu simama katikati ya chumba upige kofi moja kavu. Ukisikia baada yake mlio unaotetema, trrr, kama waya uliopigwa, ujue sauti inarushwa kati ya kuta mbili zinazotazamana, na itafanya hivyohivyo kwa kila neno utakaloimba. Hamia kona nyingine, karibu na kitanda au kabati la nguo, upige tena. Mahali ambapo kofi linakufa haraka ndipo studio yako ilipo.

Treya za mayai usihangaike nazo. Najua umeziona ukutani kwenye studio nyingi za mitaani, na waliozibandika walifanya kwa nia njema. Ni karatasi nyepesi: zinatawanya kidogo sauti nyembamba, lakini hazinywi sauti ya mtu anayeimba, wala hazizuii ya barabarani kuingia, na moto zinaushika upesi. Kanga moja iliyotundikwa nayo inazuia macho tu. Kinachonywa sauti ni kitu kinene na laini: godoro, blanketi nzito zilizokunjwa mara mbili na kuachwa nafasi ya kiganja kutoka ukutani, kabati lililofunguliwa milango likiwa limejaa nguo.

Godoro likae wapi? Hapa nakuomba unisome taratibu, kwa sababu wengi huliweka upande usio wake. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia kwa umbo la moyo: mbele zinasikia vizuri, ubavuni kwa wastani, nyuma karibu ziwe viziwi. Mbele ya maiki kuna nani? Wewe, na nyuma yako ukuta. Sauti yako inakuzunguka, inagonga ukuta ulio mgongoni kwako, na inarudi moja kwa moja usoni mwa maiki. Godoro lisimame nyuma ya mgongo wako. Zile ngao za sponji zinazouzwa za kuwekwa nyuma ya maiki zinafunika upande ambao maiki ni kiziwi tayari, ndiyo maana mtu ananunua ngao na mwangwi unabaki palepale.

Kutokana na hilo, mkao ni huu: uso wako uelekee dirisha la barabarani, mgongo wako uwe kwenye godoro. Ukikaa hivyo, maiki imeupa mgongo upande wa kelele, na kisogo chake ndicho kisichosikia. Karibu kila mtu ninayemkuta nyumbani amekaa kinyume, ameligeuzia dirisha mgongo kwa kudhani mwili wake utazuia kelele. Vuta pazia zito, na kama una blanketi ya ziada itundike juu ya kichwa chako kwenye kamba, kama chandarua kisichoshuka, ili bati lisirudishe sauti. Joto litakuwepo, la Tanga unalijua mwenyewe. Imba wimbo mmoja, toka nje upunge hewa, urudi.

Najua kuhamisha godoro kila usiku kunachosha. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari hadi Bombay kwenda kurekodi santuri. Safari yako wewe ni hatua tatu kutoka kitandani, na naamini utaizoea.

Turudi kwa ile seti ya dukani. BM-800 ni jina linalotumiwa na viwanda vingi, kwa hiyo mbili zenye jina hilo zinaweza kutofautiana ndani. Nyingi huja na waya unaotoka kwenye maiki kwa pini tatu na kuishia kwenye kipini chembamba cha kuchomeka kwenye tundu la hedfoni la laptopu. Tundu hilo hutoa volti chache sana, hazifiki popote karibu na 48, na maiki ikibanwa hivyo sauti inakuwa ndogo, yenye mvumo, hata ukiipandisha. Kadi zinazofungwa kwenye seti hizo mara nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wa kurusha matangazo mubashara kwa simu. Utazijua kwa vitufe vyake: kimoja cha makofi, kingine cha vicheko. Hiyo si kadi ya kurekodia wimbo wako wa kumshukuru Mungu. Na kitu kingine ninachokikuta kila mara: maiki ya umbo hilo inaimbiwa ubavuni, upande ule wenye nembo, lakini watu wanaiimbia kichwani kama ile ya kanisani. Wanarekodi nyimbo nzima kwenye upande usiosikia, kisha wanasema maiki mbovu.

Basi laki tano zitumike vipi? Nisingependa maiki yenyewe imeze zaidi ya laki tatu. Tafuta dainamiki yenye USB na XLR pamoja. Ninazoziamini ni Samson Q2U na Audio-Technica ATR2100x. Marekani zote mbili huwa zinazunguka kwenye dola 100 au chini yake, na huku kwetu ongeza usafiri na ushuru. Leo utaichomeka kwenye laptopu kwa USB, bila kadi yoyote. Kesho ukipata pesa ya kadi nzuri, maiki ileile unaiunganisha kwa XLR na unasonga mbele bila kutupa kitu. Zote mbili zina tundu la hedfoni kwenye mwili wa maiki, na hilo kwa mwimbaji ni kubwa kuliko linavyoonekana. Unajisikia papo hapo unapoimba. Ukijisikiliza kupitia laptopu, sauti inaweza kurudi imechelewa kidogo, na mwimbaji anayejisikia amechelewa anaanza kuburuza wimbo bila kujua.

Kama utazikosa, njia ya pili ni SM58 na kadi ndogo ya sauti yenye tundu la XLR. Ni njia nzuri, na SM58 utawarithisha wanao. Lakini itaipa pesa yako kazi ngumu, na hapo kuna mtego wa bandia. SM58 ni kati ya maiki zinazoigizwa sana duniani, na ya bandia inafanana na halisi mpaka maandishi ya boksi. Halisi ina uzito wa gramu 298. Ukishaishika mkononi omba uipime, kwenye mizani ya kidijitali ya duka la nafaka la jirani, bila waya na bila kishikio. Ikiwa nyepesi sana, mrudishie mwenyewe kwa adabu. Soma pia boksi: ile iliyoandikwa LC inatoka kiwandani bila waya, hivyo ukikuta ndani mna waya uliofungwa vizuri pamoja nayo, tia shaka.

Usivutike na SM7B, ile nyeusi kubwa unayoiona kwa watangazaji wa mitandaoni. Ni maiki nzuri sana, ila bei yake ni kama dola 400, na sauti yake ni ndogo kiasi cha kuhitaji kukuzwa kwa desibeli 60. Kadi nyingi za bei ndogo zikifikishwa huko zinaanza kuvuma zenyewe, na utakuwa umelipa fedha nyingi kurekodi mvumo.

Pesa iliyobaki igawe hivi. Kwanza hedfoni zinazofunika sikio lote, ili biti isivuje ikaingia kwenye maiki unapoimba. Pili standi ndefu ya kusimama chini. Kale ka standi ka mezani kanakuinamisha shingo, na ukiinama pumzi inakatika, tena kila ukigusa meza maiki inasikia. Tatu popu filta, kile kichujio cha kuzuia upepo wa mdomo usiipige maiki. Ukiikosa, tengeneza: kunja waya wa hanga uwe duara, uvalishe soksi nyepesi ya nailoni ya kike mpaka itanuke vizuri, uifunge kwenye standi, sentimita chache mbele ya maiki. Inafanya kazi, na sioni aibu kusema nimeitumia kwenye nyimbo zilizopigwa redioni.

Popu filta unaihitaji zaidi wewe mtu wa pwani. Kiswahili chetu kinaimbika vizuri kwenye maiki kwa sababu karibu kila silabi inaishia kwenye irabu, neno halikatiki ghafla. Lakini p ya pwani ina pumzi. Sema paa la nyumba, kisha sema paa wa porini kama wanavyosema wazee wako, ukiwa umeweka kiganja mbele ya mdomo: huyo wa porini anakupiga upepo mkononi. Upepo huo ukiingia kwenye maiki unasikika kama mtu amepiga teke spika. Usiimbie katikati ya maiki. Isogeze iwe usawa wa pembe ya mdomo, ikikutazama kwa kukata kidogo, ili pumzi ipite pembeni na sauti ibaki.

Kwa kujaribu maiki, dukani au nyumbani, mimi hutumia methali hii: pema usijapo pema, ukipema si pema tena. Iseme kwa sauti yako ya kawaida ukiwa sentimita 5, kisha 15. P zake zitakuonyesha kama pumzi inapiga. Halafu sema: shangazi kashusha sufuria sita za samaki safi. Hapo utajua kama s na sh zinachoma. Baada ya hapo imba mstari mmoja wa chini kabisa unaouweza na mmoja wa juu, urekodi, na usikilize kwa hedfoni zako mwenyewe, si kwa spika za dukani. Wewe ukiwa sauti ya pili, angalia hasa ule mstari wa chini. Ukikaribia sana, maiki hizi za umbo la moyo hunenepesha besi, na sauti nzito ya kike inaweza kugeuka kuwa kama imefunikwa blanketi. Ikitokea, rudi nyuma upana wa vidole viwili, au kata sauti nzito zilizo chini ya hezi 100 kwenye programu ya kurekodia.

Wakati wa kurekodi, imba sehemu yako ya nguvu kuliko zote huku ukipanga geini, yaani kiwango cha sauti inayoingia, si ile ya kunong'ona. Kilele kiguse kati ya desibeli -12 na -6. Kikigonga 0 sauti inapasuka na haishoneki tena, wakati sauti iliyo ndogo kidogo unaweza kuipandisha baadaye. Programu isikuumize kichwa. Audacity ni ya bure na itakufikisha mbali, na ukikua jaribu Reaper, ambayo wanakuachia uijaribu siku 60 kabla ya kukuomba ulipie. Chomoa chaja ya laptopu unaporekodi, maana nyingine zinaingiza mvumo wa umeme kwenye waya. Na simu iweke chumba kingine, kuizima sauti pekee hakutoshi.

Sijasema kondensa usiinunue maisha yako yote. Kama una sauti laini, ya kuimba kama unayemsimulia mtu sikioni, ipo siku utaihitaji, na ukiisikia vizuri utaielewa. Siku hiyo uwe na chumba chenye dari, godoro lako la kudumu ukutani na kadi inayotoa volti 48 za kweli. Uliza jambo moja ambalo wauzaji hawalitaji, yaani mvumo wa maiki yenyewe ikiwa kimya. AT2020 ina desibeli 20, Rode NT1 ina 4. Kwa mtu anayeimba kwa nguvu tofauti hiyo hutaisikia, kwa mnong'ono utaisikia. Kisha ilinde na unyevu. Hewa ya chumvi ya pwani si rafiki wa kondensa: utando ukishika unyevu, maiki inaanza kukwaruza na kutoa milio kama mafuta yanayokaangwa. Ukimaliza kuimba usiiache kwenye standi usiku kucha. Itie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Dainamiki haina madai hayo, ifunike tu vumbi lisiingie.

Dukani usiende kesho, subiri wiki moja. Usiku huu rekodi ile dakika ya ukimya. Kesho usiku piga kofi kwenye kona zote nne. Keshokutwa imba ubeti mmoja kwa simu, mara ya kwanza katikati ya chumba, mara ya pili godoro likiwa mgongoni na uso dirishani, ukiishika simu karibu na shavu. Zisikilize mbili hizo mfululizo. Ukishazisikia, nenda dukani na hedfoni zako begani, na muuzaji akikuwekea ile seti mezani, mwombe kwanza dainamiki na mizani.